Mtoto wa Jicho Harudi

Kiswahili kimeyapa maradhi mengi majina makali, lakini haya yanayozima mwanga wa jicho polepole kimeyaita mtoto. Mtoto wa jicho. Waarabu husema maji meupe, na matabibu wao wa kale waliamini kuwa ni maji yaliyoteremka yakatuama mbele ya mboni. Walatini waliyaita maporomoko ya maji, na jina hilo likasambaa katika lugha nyingi za Ulaya. Kwa wenzetu hao, basi, maradhi ni kitu kinachomwagika. Kwetu ni kiumbe.

Msomaji atasema: huyu naye, watu wanapofuka yeye anahesabu majina. Lakini mimi nimekula kwa majina. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa zaidi ya miaka thelathini, na chuo changu kilikuwa kamusi mbili zilizochanika majalada pamoja na vitabu vya kuazima. Katika muda huo nimejifunza kwamba sarufi humpeleka msemaji mahali ambapo hakukusudia kwenda. Tukishasema mtoto, hatuwezi tena kusema kimeota wala kimetanda. Ni lazima tuseme ameingia, amekua, amekomaa, ametolewa. Na kiumbe aliyetolewa ana neno moja zaidi linalomngoja: amerudi.

Neno hilo ndilo ninalotaka kulizungumza, kwa kuwa nimetajwa kwalo mimi mwenyewe, na kwa kuwa huku kwetu, katika mwambao wa Tanganyika kutoka Kibirizi hadi Ujiji na vijiji vya kusini vinavyofikiwa kwa maboti, linawaweka gizani watu ambao wangeweza kuona.

Nieleze kwanza yaliyomo ndani ya jicho, kama nilivyoelezwa na daktari na kama nilivyosoma baadaye. Nyuma ya mboni kuna lenzi, yenye umbo la adesi. Jina lenyewe ni hilo hilo: lenzi kwa Kilatini ni adesi, na Waarabu nao huiita adasa. Adesi hiyo ni ang'avu kama maji, nayo imefungwa ndani ya kifuko chembamba mno. Uzee, jua, kisukari, jeraha au baadhi ya dawa huifanya ipoteze ung'avu wake. Kwa hiyo mtoto wa jicho si kitu kilichoingia kutoka nje. Ni lenzi yenyewe iliyochafuka. Daktari hufungua ukuta wa mbele wa kifuko, huitoa lenzi mbovu, huuacha ukuta wa nyuma mahali pake, kisha ndani ya kifuko hicho hicho hupachika lenzi ya kutengenezwa. Aliyeianza kazi hii ni Mwingereza Harold Ridley, mjini London, mwezi wa Novemba 1949. Alikuwa amewaona marubani wa Vita Kuu ya Pili waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya ndege zao, na macho yao yakavistahimili vipande hivyo. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Nami kila nionapo ndege inatua Kigoma hukumbuka kuwa kijipande cha nasaba yake kimo kichwani mwangu.

Kisa kiko katika kile kifuko. Chembe chache za lenzi ya zamani hubaki zimenata pembeni, na hata daktari hodari hawezi kuziondoa zote. Kwa baadhi ya watu chembe hizo huzaana, zikatambaa juu ya ukuta wa nyuma, na ukuta uliokuwa safi ukawa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Huchukua miezi, au huchukua miaka. Kadiri mgonjwa alivyo na umri mdogo ndivyo uwezekano unavyozidi, nami nilipasuliwa kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitatu, jambo lililowafanya wazee wa kliniki wanitanie kuwa mimi ni mtoto mwenye mtoto.

Basi mtoto hakurudi. Hawezi kurudi, maana lenzi aliyokaa ndani yake imekwisha kutupwa. Kilichotokea ni ukungu juu ya utando ulioachwa kwa makusudi, ili lenzi mpya iwe na mahali pa kukaa.

Jicho langu la kulia lilipasuliwa Februari 2022, katika kambi ya macho ya siku chache. Tulikuwa wengi, tumekaa kwenye mabenchi kwa mstari, kila mmoja kabandikwa plasta juu ya paji la uso upande wa jicho litakalopasuliwa. Kazi yenyewe, ukiacha kungoja, haikutimiza nusu saa. Kesho yake muuguzi alipofungua bendeji kilichonishtua si nyuso za watu, bali rangi ya buluu. Kanga ya mama mmoja aliyekaa mbele yangu ilikuwa ya buluu kiasi ambacho nilikuwa nimekisahau kuwa kipo duniani. Lenzi iliyozeeka huwa na umanjano na huichuja buluu kidogo kidogo bila mwenyewe kutambua. Ikiondolewa, buluu hurudi kwa mkupuo. Mchoraji Claude Monet, Mfaransa, alipasuliwa mwaka 1923 akiwa na miaka 82, akalalamikia rangi hadi daktari wake akachoka. Na yeye pia ulimpata ule utando wa pili, na mwezi wa Julai mwaka ule ule ikabidi apasuliwe tena. Enzi zile hapakuwa na njia nyingine isipokuwa kisu.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliona kama kijana. Kisha jicho likaanza kuchoka, na ziwa likalifichia siri.

Anayeishi Kigoma anajua kiangazi kilivyo. Kuanzia Juni mashamba huchomwa, vumbi hupanda, moshi hutanda juu ya maji, na milima ya Kongo ng'ambo ya pili, ambayo katika siku safi huonekana kama mtu angeweza kuigusa, hutoweka kabisa. Hakuna anayeuliza imekwenda wapi. Jioni jua huzama likiwa jekundu ndani ya moshi, mtu hulitazama bila kukunja uso. Katika mwezi wa Agosti 2023 sikuiona milima, na hakuna mwingine aliyeiona. Mtu atautambuaje ukungu wa jichoni mwake wakati nchi nzima imefunikwa na ukungu?

Usiku, hata hivyo, ulitoa dalili. Wavuvi wa dagaa hutoka katika siku za giza, mwezi usipokuwapo, kwa kuwa dagaa huifuata taa. Zamani zilikuwa karabai zenye mwanga wa manjano uliokuwa ukipumua. Siku hizi wengi wana taa za betri, nyeupe na kali. Ukisimama Ujiji usiku wa giza, ziwa huwa kama mji uliowashwa juu ya maji. Katika jicho langu la kulia kila taa ilikuwa imeota manyoya. Mwanga haukukaa mahali pake, bali ulimwagika pembeni hadi taa mbili zikaungana zikawa moja. Nilipofumba jicho hilo na kutazama kwa la kushoto, ambalo lina mtoto wake mchanga bado, taa zilikuwa hafifu lakini zilihesabika.

Mvua za Novemba ndizo zilizomaliza ubishi. Ilinyesha usiku kucha, asubuhi anga likawa limefuliwa, na vijana waliokuwa wakipakua samaki wakaanza kuonyeshana mikunjo ya milima ya ng'ambo. Niliiona kwa kushoto. Kwa kulia, jicho lililopasuliwa, jicho jipya, palikuwa na weupe tu.

Mezani kwangu wakati huo palikuwa na Speke. Nilikuwa nikitafsiri, kwa raha yangu tu na bila mchapishaji, kurasa za wasafiri wawili wa Kiingereza, Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858 baada ya kutembea kutoka pwani kwa zaidi ya miezi saba. Walipopanda kilima cha mwisho, Burton alikuwa mgonjwa wa miguu na Speke mgonjwa wa macho. Burton aliona mstari wa mwanga huko chini, akamuuliza kiongozi wao Sidi Mubarak Bombay ni kitu gani, naye akamjibu kuwa kwa maoni yake ni maji. Speke hakuona ziwa. Aliona mng'ao na ukungu, na katika kitabu chake cha mwaka 1864 uchungu wake bado haujapoa: wote walilitazama ziwa isipokuwa yeye. (Majuma machache baadaye, alipolivuka ziwa hilo kwa mtumbwi, mdudu alimwingia sikioni, akamchokonoa kwa kisu, akapata jeraha lililomwachia uziwi. Ziwa letu halikumpokea vyema.)

Macho ya Speke yalikuwa na uvimbe, si mtoto wa jicho, nami sidai undugu naye. Lakini kutafsiri sentensi zile chache kulinichukua siku tatu, kwa kuwa ilinibidi niyapange maneno yote tuliyo nayo ya kutoona vizuri. Ukungu. Utando. Kiwi. Utusitusi. Kiza. Nikaona kuwa hakuna hata moja lenye uhai. Ukungu hutanda na huondoka. Utando hutobolewa. Kiwi hupita. Hakuna asemaye ukungu umerudi kwa hasira, au kwamba mganga aliuacha mzizi.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa juu yangu. Ilipojulikana mtaani kuwa jicho la mwalimu (mimi si mwalimu, lakini mwenye vitabu huitwa hivyo) halioni tena, wengine walisema daktari alitoa nusu. Wengine walisema mtoto huacha mzizi kama muhogo. Mzee mmoja niliyemwamkia njiani alinishika mkono, akanipa pole kama ya msiba, akasema, "Mwanangu, walikudanganya. Yule hatoki." Katika mtaa wetu nilikuwa nikiwajua watu watano waliokuwa wakijiandaa kwa kambi inayofuata. Wawili waliahirisha.

Wangekuwa na sababu ya kuogopa iwapo wangejua habari ya mtu mwingine, ambaye kwa bahati mbaya hakuzungumzwa kabisa. Benchi lile la Februari 2022 nilikaa karibu na mvuvi aliyetoka kijiji cha kusini, safari ya boti. Alipasuliwa dakika chache baada yangu. Kesho yake aliona. Alicheka kwa sauti. Aliambiwa arudi baada ya wiki, naye akaondoka na chupa yake ya dawa ya matone. Siku ya nne jicho lilianza kuuma. Likawa jekundu, kuona kukapungua, na yeye akavumilia, kwani aliona ni kawaida ya kidonda kuuma. Siku ya sita ndipo alipopata chombo. Alipofika mjini usaha ulikuwa umejaa ndani ya jicho, na jicho hilo halikuona tena.

Hayo ni maambukizi ya ndani ya jicho. Ni nadra, na ndiyo madaktari wanayoyahofia kuliko yote. Yanapowahiwa, dawa huchomwa ndani ya jicho lenyewe na huenda likaokoka. Saa zikipita, aghalabu haliokoki. Tofauti kati yake na ukungu wangu ni kubwa kama tofauti ya moto na vumbi. Ukungu wa kifuko hauumi, hauna wekundu, huja taratibu, na unaweza kungoja mwezi mzima bila hasara. Maumivu yanayozidi, wekundu na kuona kunakopungua katika siku za mwanzo baada ya kupasuliwa haviwezi kungoja hata hadi kesho. Lakini mtaani yote mawili yana jina moja, amerudi, na anayesikia neno hilo hajui kama akimbilie boti au akae nyumbani aombe Mungu.

Sitaitaja hospitali, wala sina ugomvi na waliotupasua. Mikono yao ilikuwa mizuri. Ninachokilalamikia ni hesabu. Kambi ilipofungwa ilitangazwa idadi ya macho yaliyopasuliwa, na yule mvuvi alikuwamo katika idadi hiyo kama nilivyokuwamo mimi. Hakuna aliyekuja baada ya mwezi au mwaka kuuliza ni wangapi wanaona. Nimesoma kwamba mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 uliridhia lengo la kufikia mwaka 2030 ambalo halihesabu upasuaji peke yake, bali huhesabu wale walioona vizuri baada yake. Ni badiliko dogo la maneno. Mtafsiri huyaheshimu mabadiliko madogo ya maneno.

Dawa ya ukungu wangu ni leza. Ilianza kutumika kwa kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa juhudi za Danièle Aron-Rosa huko Paris na Franz Fankhauser huko Uswisi. Hospitali niliyokwenda haikuwa na mashine hiyo, na daktari aliniandikia barua ya Dar es Salaam. Nikapanda treni. Reli hii ya kati iliwafikisha Wajerumani Kigoma mwaka 1914, na urefu wake ni kilomita zipatazo 1,250. Uvinza, Tabora, Dodoma, Morogoro, usiku mbili. Nilikaa dirishani nikijaribu jicho moja moja, na kila kituo kilikuwa na majina mawili ubaoni, moja la kusomeka na moja la kukisia.

Kazi yenyewe ilichukua dakika zisizofika tano. Walinitia matone ya kupanua mboni na ya ganzi, nikaweka kidevu juu ya kifaa, nikaambiwa nitazame taa moja na nisitikisike. Nilisikia mlio mdogo, tik, tik, kama mjusi ukutani. Hapakuwa na kisu, uzi wala bendeji. Leza haifuti ukungu. Hutoboa tundu katikati ya ule ukuta wa nyuma, na mwanga hupita hapo. Na kwa kuwa katikati hapana tena utando, hapana pa ukungu kutanda. Daktari, dada wa umri wa binti yangu, aliniweka kwa muda ili apime shinikizo la jicho, maana huweza kupanda baada ya leza. Akanieleza pia hatari iliyo adimu: nikiona cheche za mwanga, au vidoadoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja, nisingoje hata siku moja, kwa kuwa huenda utando wa ndani unaopokea picha umebanduka. Nikamwomba ayaandike. Akaandika kwa Kiingereza. Katika treni ya kurudi niliyaandika upya kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na yale ya yule mvuvi, na sina shairi nililolihariri mara nyingi kama karatasi ile.

Karatasi ina sehemu mbili. Ya kwanza inaeleza moto: maumivu, wekundu, cheche, pazia, giza la ghafla, nenda leo, hata usiku. Ya pili inaeleza ukungu: hauumi, umekuja taratibu, nenda ukapimwe, hujadanganywa, hujarogwa. Sikuandika popote neno amerudi. Nilisita juu ya kuiita hali hii ukungu wa kifuko au utando wa nyuma, nikachagua ukungu, kwa kuwa kila mtu wa ziwani amepata kuuona ukungu ukiondoka.

Kliniki mbili zimeibandika ukutani. Iliyobaki naisoma mwenyewe kwa watu, na msomaji wangu wa kwanza alikuwa Bibi, jirani yangu anayeuza mawese, mmoja wa wale wawili walioahirisha. Macho yake yote mawili yana watoto waliokomaa; huwatambua wateja kwa sauti na noti kwa vidole. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa magotini.

"Kwa hiyo yule hakurudi," akasema.

"Hakurudi, Bibi. Ni dirisha lililoingia ukungu, wamelifungua."

"Wamelifungulia Dar."

"Ndiyo, Dar."

"Nauli ulitoa wapi, mjukuu wangu?"

Nikamwambia: nusu ilikuwa ya kitabu nilichotafsiri, nusu nilikopa kwa shemeji. Akaanza kuhesabu kwa madumu ya mawese: nauli ya kwenda, ya kurudi, ya mtu wa kumshika mkono, chakula cha njiani, mahali pa kulala. Alihesabu kwa sauti, polepole, na mimi sikuweza kumsahihisha mahali popote. Alipofika mwisho alinyamaza, akapapasa faneli yake, akaanza kumpimia mteja aliyekuwa akingoja.

Jicho langu la kushoto limepangiwa kambi ijayo. Nimeliandikisha jina lake chini ya langu kwa penseli, kwa ruhusa yake. Alisema kwa kalamu ya wino bado.